Kasongo: Anayeuza upasuaji wa matiti bila kufuatilia mgonjwa anauza taabu

KASONGO, MANIEMA – Matangazo ya upasuaji wa kuongeza matiti hayahitaji barabara. Yanafika popote simu inaposhika mtandao, na hata Kasongo, Kabambare na Salamabila yanaweza kuingia. Kila mara ni picha mbili: kifua cha kabla na kifua cha kisha. Chini yake bei kwa dolare, na namba ya komisioneri anayepanga safari ya Kampala, Nairobi au Istanbul.

Picha ambayo komisioneri haonyeshi ni ya mwezi wa pili. Mwanamke amekwisha kurudi kwake. Titi moja limeshuka na kulainika, lingine bado liko juu, gumu, karibu na mfupa wa bega. Je, ni ugonjwa au ni kawaida? Daktari alikosea, au mwili haujamaliza kazi yake? Wakati huo komisioneri hapokei tena simu, kwa sababu feza yake alishapata.

Jibu lipo, na akina mama wana haki ya kulijua kabla ya kutoa hata dolare moja. Daktari mpasuaji anaweka mfuko wa silikoni, au wa maji ya chumvi, chini ya titi au chini ya msuli wa kifua. Siku za kwanza msuli umekaza na mwili umevimba, kwa hiyo mfuko unakaa juu. Polepole uvimbe unaisha, msuli unalegea, na mfuko unashuka mahali pake. Kazi hiyo inachukua majuma mengi, mara nyingi miezi 3 hadi 6. Tena pande mbili hazitembei pamoja. Matiti ya mwanamke hayalingani kabisa hata kabla ya kisu, na upande mmoja unaweza kuvimba zaidi au kukawia kulegea. Kwa hiyo titi moja kutangulia lingine si msiba peke yake.

Lakini kuna mambo mengine yanayofanana nalo kwa macho, na hayo si ya kungojea. Titi moja likivimba sana kwa ghafula, huenda damu inamwagikia ndani. Likiwa jekundu na la moto, pamoja na homa au usaha, vijidudu vimeingia. Na miezi au miaka kisha, kovu ambalo mwili unajenga kuzunguka mfuko linaweza kukaza, likaubana na kuuvuta juu. Hapo titi linakuwa gumu, linauma, na mara nyingi inalazimu kupasua tena. Nani atatofautisha hayo yote? Si picha ya simu. Ni mkono na macho ya daktari anayejua alichokiweka ndani.

Ndipo biashara hii inapoonyesha uso wake. Daktari huyo yuko ng'ambo ya mipaka. Kutoka Kasongo hadi Kindu peke yake ni mwendo wa zaidi ya kilometa 200, na wakati wa mvua kila anayepanda pikipiki anajua maana yake. Upande wa Kabambare, barabara ya kuelekea Fizi inategemea nani ameshika silaha juma hilo. Mgonjwa mwenye homa na kidonda kibichi atapita wapi? Muuguzi wa kituo cha afya atafanya nini na mgonjwa asiye na barua hata moja ya kueleza alipasuliwa namna gani?

Kuna pia jambo la kazi. Mwanamke aliyepasuliwa kifua anakatazwa kubeba vizito kwa majuma kadhaa. Je, komisioneri aliuliza nani atamchotea maji? Nani atatwanga mpunga kwenye kinu, nani atabeba kuni na mtoto mgongoni? Na silaha zikilia usiku, familia ikibeba mizigo na kukimbilia porini, je, kidonda kitasubiri?

Ni haya kubwa kuona biashara hii ikitafuta wateja Kasongo, maana Kasongo ni jina linalojulikana katika elimu ya afya ya dunia. Tangu mwaka 1971, madaktari wa hapa pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, walijenga hapa mpango wa afya ulioandikwa na kusomwa katika nchi nyingi. Fundisho lake ni jepesi: kituo cha afya kiwe karibu na watu, hospitali kuu iwe nyuma yake, na mgonjwa asiachwe kati ya viwili hivyo. Aliyetumwa hospitali arudi na barua, na kituo chake kiendelee kumfuata. Leo mtu anakuja kuuza kisu bila barua, bila kituo, bila kurudi, na kusema ndiyo maendeleo.

Hata penye hospitali nyingi, jambo hili limeliza watu. Huko Ufaransa, kiwanda cha PIP kilikutwa mwaka 2010 kikijaza mifuko ya matiti kwa silikoni isiyokuwa ya dawa. Mwaka 2011 serikali iliwashauri wanawake karibu 30,000 wa nchi hiyo waitoe. Mwenye kiwanda, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 2013. Mwanamke mwenye karatasi ya mfuko wake aliweza kujua kama yumo hatarini. Asiye na karatasi angejuaje? Na Nairobi, mwezi wa 10 mwaka 2024, mwanamke mmoja alifariki siku chache kisha kupasuliwa, si matiti bali kutolewa mafuta mwilini. Wizara ya afya ya Kenya ikafunga kliniki hiyo. Taabu ilikuja kisha kisu, kama inavyokuja mara nyingi.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya wenye feza, familia zilizokimbia vita zinatafuta chakula. Lakini nani anajua zaidi ya wakimbizi wa ndani maana ya matibabu yaliyokatika njiani? Kambini na katika familia zinazowapokea, mama aliyejifungua kwa kupasuliwa akakimbia na nyuzi tumboni haelezwi somo hili, analo mwilini. Sheria ni moja kwa matiti, kwa ngiri na kwa uzazi: upasuaji usio na wa kuufuata ni nusu ya upasuaji.

Wengine watasema mwanamke ana haki juu ya mwili wake. Ni kweli kabisa, na asichekwe. Kuna anayetaka umbo lingine, na kuna aliyekatwa titi kwa sababu ya kansa na anataka kusimama tena mbele ya kioo. Lakini haki bila ukweli ni mtego. Tangu mwaka 2021 Marekani inataka mgonjwa aambiwe wazi kabla ya kupasuliwa kwamba mifuko hii si ya maisha yote, na kwamba huenda atapasuliwa tena. Mwanamke wa Kasongo hastahili ukweli mdogo kuliko wa mwanamke wa Chicago.

Basi komisioneri ajibu mambo manne kabla ya kupokea feza. Daktari ni nani, na baraza la madaktari la nchi yake linamtambua? Karatasi ya mfuko, yenye jina la kiwanda na namba, itakuwa mkononi mwa mgonjwa? Kupasuliwa tena, kama ikilazimu, nani atalipa? Na daktari gani wa karibu amekubali kumpima kwa miezi 6 ya kwanza? Asiyejibu yote manne, feza ibaki kwa mwenyewe.

Redio za hapa zisipokee matangazo ya aina hii bila majibu hayo. Viongozi wa zoni za afya za Kasongo na Kabambare waambie vituo vyao jambo moja: mwanamke anayekuja na titi lililovimba au homa apokewe siku hiyo hiyo, bila kucheka na bila kuulizwa kwa nini alifanya hivyo. Yeye aje mapema, asifunge kifua kwa kitambaa cha kubana, asikande kwa dawa za soko, asingoje usiku ili asionekane. Aibu ni ya aliyemuuzia kisu na kuzima simu.