Kikopo cha Breki Kikipasuka, Weka Gundi Chini

Kama una gari la miaka mingi hapa Eastlands, labda ushaisikia hii: "Hako ni kaufa tu, paka gundi, itashika."

Kaufa kenyewe kako kwenye kile kikopo cha plastiki cha mafuta ya breki, kinachokaa juu ya masta silinda. Msimamo wangu ni mmoja: kikopo kikipasuka kinabadilishwa, hakizibwi. Beseni la mathe lizibe na msumari moto ukitaka. Likivuja tena, ni sakafu tu italowa. Breki si beseni.

Plastiki ya kikopo hicho ni ya aina ambayo gundi haishiki vizuri. Hata ikishika, mafuta ya breki yanailainisha polepole. Hayo mafuta ni makali: yakimwagikia bodi, rangi inavimba na kubanduka. Yakiisha kwenye kikopo, hewa inaingia kwenye paipu. Mafuta hayabonyei, lakini hewa inabonyea. Unakanyaga pedali inazama hadi chini, na mbele yako watoto wa shule wanavuka Jogoo Road.

Kuna wale husema, "Nitakuwa naongeza tu kila asubuhi." Mazee, mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na ufa unayafungulia mlango. DOT 3 mpya inapaswa kuhimili angalau nyuzi 205 kabla ichemke. Ikishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. Na usijaribu kuongeza oili ya injini: mipira ya breki itavimba, na hapo ndipo utajua gharama ni nini.

Kabla hujatoa doo, hakikisha ni kikopo kweli. Pangusa kila kitu kikauke, zungushia tishu nyeupe, kanyaga breki mara kadhaa, kisha ngoja. Unyevu ukitokea chini kabisa, pale kikopo kinapoingia kwenye masta silinda, huenda ni mipira tu imekauka kwa uzee. Hiyo ni kazi ndogo. Ukitokea kwenye plastiki yenyewe, beba kikopo hadi Kirinyaga Road kama sampuli, ulinganishe shingo na mashimo. Ukipewa kilichotumika, kiinue juani: kama kina vistari vya nyufa, rudisha. Kikishafungwa, fundi atoe hewa kwenye breki kabla uondoke.

Najua utasema mafundi ndio walioleta mambo ya gundi. Hapo sikubaliani nawe. Fundi wa jua kali hufanya kazi ya bajeti uliyomletea. Ukimwambia, "Niwekee kitu ya kunifikisha mwisho wa mwezi," atakuwekea. Sisi vijana ndio tuna pesa ya rimu na woofa, lakini ya kikopo hatuna. Woofa inasikika na mtaa mzima. Kikopo kizima hakuna atakayekisifu.

Kumbuka pia haya magari yanakuja yakiwa yametumika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, lakini likishafika, linazeekea hapa miaka mingine mingi. Plastiki iliyochemshwa na joto la injini miaka yote hiyo itachoka tu, hata ungekuwa dereva mpole namna gani. Kwa hivyo ichukulie kama tairi: ni kitu cha kubadilishwa.

Jioni ukifika estate, fungua boneti uangalie. Ukiona unyevu chini ya kikopo, rangi iliyovimba, au ile taa nyekundu ya breki imekuwa ikiwaka ukikata kona, acha gari hapo hapo. Kesho panda matatu, na fundi aje alipo. Nauli ya siku mbili itauma, najua. Lakini mtoto anayevuka barabara hajui kama breki zako zimeshikwa na gundi, na hana namna ya kujua.