BEI YA CHUMBA ISIWE SIRI

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini siku hizi macho yote yamekaza kwenye simu. Mtu akitaka chumba hamuulizi tena mama mboga, anafungua intaneti. Mimi sipingi hayo hata kidogo. Ninachopinga ni simu inayoonyesha nusu ya mambo.

Januari mwaka huu mwenye ploti yetu pale Laini Saba, Kibera, alipandisha kodi, ikabidi tuhame. Mama alinituma nitafute kwa simu, ati mimi ndiye msomi wa nyumba. Tovuti nilizofungua zilijaa Kilimani na Lavington, za elfu hamsini kwenda juu. Vyumba vya mabati, ambavyo ndivyo vyetu, sikuviona kabisa. Mwishowe nikapata kimoja cha Kawangware katika kundi fulani la mtandaoni: picha safi, sakafu ya vigae, shilingi 3,000. Dalali akataka kwanza 500 za kutuonyesha, zitumwe kwa simu. Mama akatuma. Dalali huyo hajashika simu hadi leo. Zile 500 zilikuwa za unga, na ni mimi niliyemwambia atume.

Basi tukavuka Barabara ya Ngong kwa miguu hadi Kawangware, tukabisha lango moja moja. Huko Gatina ndiko nilikofunguka macho. Chumba cha 3,500 kisicho na maji kilikuwa ghali kuliko cha 4,000 chenye mfereji uani, kwa maana mitungi ya lita 20 hununuliwa kila siku, na choo pia ni cha kulipia. Hesabu hiyo hakuna simu iliyonifanyia.

Rafiki yangu mmoja asema kwamba kodi zikiandikwa hadharani, wenye nyumba watazipandisha zilingane. Hoja hii si ya kijinga, nimeilalia usiku kadhaa. Lakini wenye nyumba na wasimamizi wao huulizana bei kila uchao. Asiyejua ni mpangaji peke yake.

Wala si jambo lisilowezekana. Mwaka wa 2009 vijana wa Kibera, katika mradi wa Map Kibera, walipita vichochoroni na vifaa vya GPS, wakatia vyoo, vituo vya maji, shule na zahanati katika ramani huria ya OpenStreetMap. Kabla ya hapo mtaa wetu ulikuwa kama pengo tupu kwenye ramani za intaneti. Ikiwa choo kiliandikwa, mbona kodi isiandikwe, pamoja na maji, stima na idadi ya milango inayotumia choo kimoja? Jina la mpangaji halihitajiki.

Mimi nimeanza na ya kwetu, nyuma ya daftari la Hisabati (mwalimu anisamehe): Gatina, chumba cha mabati, 4,000, mfereji uani, stima ndani ya kodi, choo kimoja milango 12.