Nani Atoswe?

Kiswahili cha siku hizi kimelichukua neno la baharini kikalileta mjini. Mchumba akiachwa, ametoswa. Mgombea akikatwa na chama chake, naye ametoswa. Zamani kilichotoswa kilikuwa shehena: chombo kikizidiwa na dhoruba, nahodha aliamuru magunia yatupwe majini ili watu wapone. Swali gumu huanza magunia yanapokwisha.

Wasomaji wa Msahafu na wa Biblia wanamjua aliyefikwa na hilo. Nabii Yunus, au Yona, alipanda chombo, kura ikapigwa, ikamwangukia. Katika simulizi ya Biblia kuna kipande ambacho wengi hukipita haraka wakimkimbilia samaki. Mabaharia hawakumtupa papo hapo, ingawa kura ilishasema na mwenyewe alishawaambia wamtose. Kwanza walipiga makasia kwa nguvu zao zote wapate kurudi nchi kavu. Waliposhindwa ndipo wakamtupa, na kabla ya kumtupa walimsihi Mungu asiwahesabie damu ya asiye na hatia. Hesabu ilikuwa wazi, mmoja kwa wote, na bado iliwatetemesha.

Wanafalsafa wa karne iliyopita waliligeuza jambo hili kuwa fumbo la darasani. Mwaka 1967 Philippa Foot wa Uingereza alimwelezea dereva wa tramu iliyomshinda kuisimamisha: akiendelea mbele atawaua mafundi watano walio relini, akikata kona ataua mmoja. Judith Jarvis Thomson wa Marekani akaliongezea fumbo mtu mnene aliyesimama darajani, ambaye mwili wake, ukisukumwa chini, ungeizuia tramu. Wengi wakiulizwa hukubali kugeuza njia lakini hukataa kumsukuma mtu, ilhali hesabu ni ile ile. Tofauti hiyo imejaza makabati ya vyuo vikuu, nami siibezi. Ninachokilalamikia ni kwamba fumbo linampa mwamuzi zawadi mbili ambazo maisha huwa hayampi: hayumo hatarini, na anajua hakika kitakachotokea.

Chukua kisa ambacho mwamuzi alikuwa na njaa. Mwezi Mei 1884 mashua ya starehe iitwayo Mignonette iliondoka Southampton kwenda Sydney ikiwa na watu wanne: nahodha Tom Dudley, msaidizi wake Edwin Stephens, baharia Edmund Brooks, na Richard Parker, kijana wa kazi mwenye miaka 17, yatima. Tarehe 5 Julai ilizama katika Atlantiki ya kusini. Wanne hao wakabaki ndani ya kimashua cha mita nne, na makopo mawili ya mboga, bila maji ya kunywa. Walikamata kasa mmoja. Wakanywa mikojo yao. Parker akanywa maji ya bahari, akaugua, akalala chini ndani ya mashua.

Dudley alipendekeza kura, Brooks akakataa. Dudley na Stephens wakazungumza kwamba wao wana wake na watoto, na kijana hana. Siku ya ishirini hivi Dudley alisali, akamkata kijana shingo kwa kisu cha mfukoni. Wote watatu walikula, Brooks naye. Siku ya nne baadaye meli ya Kijerumani ikawaokota.

Walipofika Falmouth, Dudley alieleza kila kitu bila kuficha. Aliamini kwamba desturi ya bahari inamlinda, na watu wengi mtaani walimwonea huruma. Sheria ilikataa. Desemba 1884 Jaji Mkuu Coleridge na wenzake waliamua kwamba dharura haihalalishi kuua asiye na hatia. Aliuliza ni nani atakayepima thamani ya maisha ya watu, na kwa kipimo gani. Tena akaonyesha kwamba aliyechaguliwa ndiye aliyekuwa mdogo, dhaifu, asiyeweza kujitetea. Dudley na Stephens walihukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikapunguzwa ikawa kifungo cha miezi sita.

Utasema jaji alikuwa ameshiba, yuko nchi kavu. Ni kweli, na kama Dudley angeitii sheria ile, huenda wangekufa wote wanne. Sina jibu linaloiondoa hoja hiyo. Lakini soma tena maneno ya mashuani. Hesabu ya mmoja kwa watatu haisemi mmoja huyo ni nani. Jina la Parker liliingia kwa mlango mwingine: hana mke, hana wazazi, hana cheo, ameshadhoofika. Kura ingempa kijana nafasi sawa na ya nahodha wake. Mbele ya sheria bado ingekuwa mauaji, ila mimi ningeweza kuyasamehe. Alichofanya Dudley ni kuwaweka watu wanne kwenye mizani akiwa ameshajiondoa mwenyewe.

Miaka 43 kabla ya hapo, meli William Brown iligonga barafu ikielekea Philadelphia. Katika mashua iliyojaa kupita kiasi, mabaharia walitosa abiria zaidi ya kumi, na hakuna baharia hata mmoja aliyetoswa. Jaji wa Marekani alisema baharia asiyehitajika kuendesha mashua ndiye wa kutangulia, na wakilingana ipigwe kura. Sioni ajabu kwamba makasia yalikuwa mikononi mwa waliosalia.

Zawadi ya pili ya fumbo, ile ya kujua, Watanzania tunajua bei yake. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria, si mbali na Mwanza, na tumbo lake likabaki juu ya maji huku watu wakiwa hai ndani. Waokoaji wakalitoboa ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli juu ya maji ikatoka, meli ikazama. Hawakuwa wakimtoa mtu kafara, walikuwa wakiokoa. Nakitaja kisa hicho kwa sababu hata mwenye nia safi kabisa, aliyesimama juu ya chuma chenyewe, hakujua. Dudley naye hakujua kwamba meli iko umbali wa siku nne.

Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ililiona hilo. Baada ya Septemba 2001 Wajerumani walitunga sheria ya kuruhusu jeshi kuitungua ndege ya abiria iliyotekwa na kugeuzwa silaha. Februari 2006 mahakama iliifuta. Kuwaua abiria ili kuokoa walio chini, ilisema, ni kuwafanya vitu na kuwavua utu wao. Tena anayetoa amri mara nyingi hana hakika ya kinachoendelea ndani ya ndege. Miaka kumi baadaye televisheni ilionyesha tamthilia ya Ferdinand von Schirach kuhusu rubani aliyeitungua ndege kama hiyo, watazamaji wakaombwa wapige kura. Ujerumani, takriban asilimia 87 walimwachia huru.

Kura, tena. Kiswahili kina neno moja kwa ile ya Yunus na kwa hii ya televisheni, ila katika ile mpigaji alikuwa chomboni. Kati ya maelfu yale ya watazamaji hakuna aliyekuwa na kiti katika ndege ile. Naungana na majaji wa Ujerumani, na pamoja nao Coleridge: sheria iendelee kukataza, na atakayeona hana budi kuivunja aje mwenyewe mahakamani, kama alivyokuja Dudley, apokee kifungo au huruma.

Bado kuna mtu mmoja ananikosesha raha. Daniel Parker, kaka wa kijana aliyeuawa, alifika mahakamani Falmouth akawapa mkono watu wale watatu. Naye alikuwa baharia. Kila nikidhani nimeshamaliza na kisa hiki, nakutana na mkono ule, na sijui niuweke wapi.