Je, Motokaa ya Umeme Hujilipa Yenyewe?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Ama baada ya hayo, jambo lizungumzwalo sana siku hizi barazani baada ya sala ya Isha ni hizi motokaa ndogo za umeme zilizoinuliwa kimo, ambazo wauzaji huziita SUV. Bei zake zimeteremka, na muuzaji humwambia mnunuzi kwamba gari hii hujilipa yenyewe, maana hainywi petroli. Neno hili latuhusu sisi wenye majumba, kwani fedha itakiwayo aghalabu ni akiba ya miaka mingi: karo ya watoto, au nauli ya Hija. Basi yapasa tulipime kwa hesabu kabla ya kulisadiki.

Uzuri wake hatuukani. Mashine ya umeme haina oili ya kubadilishwa wala bomba la moshi, na fundi hana kazi nyingi nayo. Tena hapa Kenya umeme wetu kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mito, na upepo wa Turkana. Tutazame mfano mmoja wa gari hizi, Tata Punch EV ya Bara Hindi, iliyotolewa Januari 2024. Ile ya bei ya chini ilianza kwa rupia 1,099,000. Betri yake ilikuwa ya kilowati-saa 25, na kwa vipimo vya huko ilihesabiwa kwenda kilomita 315. Barabarani, kwa watu na mizigo, hupungua; lakini kwa kazini, madrasa na sokoni yatosha, na soketi ya nyumbani huijaza kwa usiku mmoja.

Sasa tuje kwenye hesabu. Gari ya namna hii hula kiasi cha uniti 15 kwa kilomita 100, na ndugu yake ya petroli hunywa kiasi cha lita 7. Tufanye mfano kwamba lita ni shilingi 180 na uniti ni shilingi 30. Petroli itakuwa shilingi 1,260 na umeme shilingi 450. Faida ni shilingi 810. Tufanye pia kwamba gari mpya ya umeme imezidi kwa shilingi 1,000,000 bei ya gari ya petroli iliyotumika ambayo ungeinunua mahali pake.

Mtu aendaye kilomita 80 kwa siku, siku 300 za mwaka, ataokoa shilingi 194,400 kila mwaka, na ile ziada itamrudia kwa miaka 5 na kidogo. Lakini aendaye kilomita 20 tu, kama wengi wetu tukaao mjini, ataokoa shilingi 48,600. Hata tukimwongezea shilingi 30,000 za matengenezo aliyoepukana nayo, atangoja zaidi ya miaka 12. Na dhamana ya betri kwa nyingi ya gari hizi ni miaka 8 au kilomita 160,000. Msomaji na aweke bei za mji wake katika hesabu hii aone mwenyewe. Gari hujilipa kwa mwendo, si kwa kukaa mlangoni.

Huenda mtu akasema, nitanunua iliyotumika kutoka Japani. Hapo pana hadhari. Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa mwaka 2010, betri yake haikuwekewa maji ya kuipoza. Na mwaka 2012 wenye gari hizo huko Arizona, Marekani, walilalamika kwamba joto limezipunguza nguvu betri zao. Joto la pwani yetu nalo si haba. Asinunue mtu ila baada ya betri kupimwa na kujulikana imebakiwa na nguvu kiasi gani.

Tena aangalie pa kuichajia. Mwenye uwanja wake na nyaya madhubuti hana neno. Ama mpangaji wa ghorofa ya tatu, je, atateremsha waya dirishani, uvuke ujia wapitao watoto wa watu? Jirani ana haki yake, na waya hafifu uliobebeshwa umeme usiku kucha ni moto unaongoja.

La mwisho ndilo kubwa. Akiba ipatikanayo katika petroli haihalalishi mkopo wa riba. Asiyekuwa na fedha taslimu na atafute muuzaji au benki itakayoinunua gari kwanza na kuimiliki, kisha imuuzie kwa bei iliyojulikana na kwa muda uliowekwa. Na asome mkataba wote kabla ya kutia sahihi.

Kwa ufupi, mwenye mwendo mrefu wa kila siku, pahali pake pa kuchajia, na mali ya halali, na anunue, atafaidika, inshaallah. Ambaye gari yake ya petroli bado nzima na safari zake ni fupi, na asubiri. Kungoja si aibu. Ama anunuaye ili jirani aone, huyo hesabu yake si ya shilingi tena, ni ya israfu, nayo ataulizwa siku ambayo hapana muuzaji wa kumjibia.

Wabillahi tawfiq.