Treni Imepata Laini Yake, Boda Je?

Tangu Juni 2024 tunapanda SGR kwenda Morogoro, na tangu Julai mwaka huohuo tunafika hadi Dodoma. Kila anayeshuka anaisifia, na sifa inastahili. Lakini wanachuo wenzangu, tuangalie inavyokwenda. Treni ile haiendeshwi na betri. Inavuta umeme wa kilovolti 25 kwenye waya wa juu huku inatembea, na ili waya huo usikose umeme ilijengwa laini maalumu ya kilovolti 220 kutoka Kinyerezi hadi Kingolwira, Morogoro. Chombo kilipangiwa mapema mahali pa kupata umeme wake.

Sasa njoo Tandale au Mbagala. Boda na bajaji za umeme zipo barabarani, ila dereva asiye na kituo karibu anaambiwa akachaji kwake. Kwake penyewe ni wapi? Ni chumba cha kupanga, Luku moja, wapangaji sita.

Mimi nimepanga nyumba ya aina hiyo, na hesabu yake si ngumu. Betri ya volti 72 yenye ampea-saa 40 inahitaji karibu uniti 3 ili ijae. Ichaji siku 25, umemaliza uniti 75. Na uniti 75 ndizo kikomo cha mwezi kwa mteja mdogo, anayeuziwa uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Nyumba ikivuka hapo, bei inaruka sana. Yaani boda mmoja akichaji, mama ntilie wa chumba cha pili naye analipia. Ugomvi hauko mbali hapo! Na bado sijagusa habari ya ekstensheni kupita chini ya kitanda, kwenye nyumba ambayo nyaya zake zilivutwa kwa ajili ya taa na redio.

Wapo watakaosema umeme wenyewe hautoshi. Jamani, Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa megawati 2,115. Shida kubwa iko mtaani, kati ya nguzo na betri.

Majirani wameshaanza kuitatua. Kigali na Nairobi, dereva wa Ampersand anaingia kituoni, anaacha betri iliyoisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Kenya nayo iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya moto mwaka 2023.

Nasi tunahitaji mambo matatu. EWURA ipange bei ya vituo vya kuchaji, tofauti na ya nyumbani. Manispaa za Kinondoni na Temeke zitenge maeneo ya vituo jirani na vijiwe vya boda. Na betri zifuate kipimo kimoja, ili dereva asifungwe na kampuni moja.

Serikali yetu ya wanafunzi inaweza kuanza hapa getini, wanapopaki boda tunaowapanda kila siku: iuombe uongozi wa chuo kituo kimoja, chenye mita yake.