Sukari hiyo si ya kwenye chai

Jamani, leo nina hasira kidogo, mnivumilie. Wiki iliyopita niliandika habari ya saratani ya ngozi. Ilipotoka gazetini nikakuta imebandikwa kichwa kipya: "Sukari yasambaza saratani". Asubuhi hiyo hiyo mama mdogo akanipigia simu: "Mwanangu, kwa hiyo chai ndiyo basi tena?"

Mimi sikuandika habari za chai! Kila seli ya mwili wako imevikwa kwa nje minyororo midogo ya sukari. Seli huijenga yenyewe, na mafundi wake ni vimeng'enya. Kwani damu kuwa kundi A au B ni nini? Ni tofauti ya sukari tu juu ya seli nyekundu, na anayeleta tofauti hiyo ni kimeng'enya.

Sasa, mwaka 2017 watafiti wa New York, akiwemo Eva Hernando, walichapisha kazi yao kuhusu melanoma, ile saratani ya ngozi inayoogopwa kwa kuhama. Walikuta kimeng'enya kiitwacho FUT8 kimezidi kwenye uvimbe uliokwishahamia sehemu nyingine za mwili. Kazi yake ni kubandika sukari iitwayo fukosi kwenye protini, zikiwemo zinazoisaidia seli kupenya na kusafiri. Walipokizima kwenye seli walizowapandikiza panya, saratani ilisambaa kidogo zaidi.

Lakini miaka miwili nyuma, 2015, watafiti wengine wa Marekani walikuwa wamewalisha panya fukosi, na melanoma ikapungua kasi ya kusambaa. Fukosi hiyo hiyo! Kumbe suala si sukari kuwepo au kutokuwepo. Ni kimeng'enya gani kimeibandika, wapi, na kwenye protini ipi. Hilo utaliwekaje kwenye kichwa cha habari cha maneno matatu? Na hao ni panya, jamani. Dawa ya kuzima FUT8 ukienda hospitali leo huipati.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kichwa kile kilimeza aya yangu ya mwisho, ambayo ndiyo iliyomhusu msomaji. Sisi weusi melanoma hutupata mara chache, ila ikija hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo hakuna anayepatazama. Bob Marley aligunduliwa nayo kwenye kidole cha mguu mwaka 1977. Mei 1981 akafariki akiwa na miaka 36, ikiwa imeshafika kwenye ubongo. Kilichomuua hakikuwa kidole. Ni ile safari, ambayo wenye maabara bado wanahangaika kujua inaanzaje.

Mama mdogo nimemwambia anywe chai yake, ila amwite binti yake amwangalie nyayo. Akacheka sana, eti miaka yote hiyo hajawahi kuziona. Wewe msomaji wangu, za kwako ulizitazama lini?