Mikoani Ndiyo Wapi?

Leo nina ugomvi mdogo na nyie, tena ugomvi wenyewe ni wa neno moja tu: mikoani.

Kaa kijiweni hapa Dar jioni moja utalisikia mara kumi. "Yule kaja juzi tu kutoka mikoani." "Hilo shati wapelekee mikoani." "Shemeji kapata kazi mikoani, ndiyo basi tena." Mikoani wapi? Hakuna anayejibu. Utadhani ni kijiji kimoja kirefu kinachoanzia Kibaha kwa Mathias mpaka mpakani na Kongo, watu wake wote wanalala saa moja usiku na wote wanashangaa lifti. Tanzania ina mikoa 31 jamani, 26 Bara na mitano visiwani. Na katika hiyo ya Bara, mdogo kuliko yote kwa eneo ni huu huu wetu tunaouringia. Tabora peke yake inaweza kuimeza Dar es Salaam zaidi ya mara 50 na bado ikabaki na njaa.

Sisemi Dar mbaya. Nimezaliwa hapa, kodi nalipa hapa na Mungu akipenda nitazeekea hapa. Ila kuna kitu kimenikera mwezi uliopita, nikaona bora nikimwage hapa nilale.

Mtaani kwetu kuna binti mmoja kasomea ualimu. Amekaa nyumbani miaka minne anasubiri ajira, anamsaidia mama yake kukaanga mihogo. Siku moja jina likatoka. Kituo: Nachingwea, mkoa wa Lindi. Badala ya vigelegele, mle ndani kukawa kama kuna msiba. Mashangazi wakaingia khanga kiunoni. Mmoja anasema kule watu wanalogana, mwingine anasema simba wanapita mlangoni, wa tatu anauliza, "Mwanangu, kule utaolewa na nani?" Mjomba, maana kila ukoo una mjomba wa namna hii, akakohoa na kusema anamfahamu mtu mkubwa atakayembadilishia kituo, ila itabidi "wamtoe" kidogo. Mama wa watu akaanza kuhesabu hela za mihogo.

Nikauliza swali moja tu: "Samahanini wakubwa zangu, kati yenu ni nani amewahi kuvuka Rufiji?" Kimya. Si mjomba, si shangazi. Shangazi wa simba ndiye aliyekuwa kimya kuliko wote.

Kweli, hofu ya wazee wetu ina asili yake. Zamani kwenda kusini kulikuwa na shughuli. Mvua zikipiga, barabara inageuka uji, na pale Rufiji unangoja pantoni kwa zamu huku mto umefura. Basi likinasa mnakaa siku kadhaa mnauziana mihogo. Aliyepangiwa kazi Mtwara enzi hizo alikuwa anaaga kweli kweli. Lakini Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, karibu kilomita nzima juu ya maji. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima, ana ndevu, na bado anarithishwa hofu ya pantoni ambayo hakuwahi kuipanda!

Na hiyo Nachingwea yenyewe mnaijua? Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuja na mpango wao mkubwa wa karanga, wakafyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda bara kwa ajili hiyo. Karanga zikagoma. Ulioanza mwaka 1947 ukafutwa mwaka 1951, na reli yenyewe ikaja kung'olewa. Baadaye hapo hapo Nachingwea ndipo wapiganaji wa FRELIMO walipofanyia mazoezi chini ya Samora Machel mpaka Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975. Yaani nchi nzima ya watu ilipikwa pale, halafu wewe unasema "mikoani"?

Bado sijafika Tendaguru, huko huko Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, wapagazi wa Kiafrika wakaibeba kichwani kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mmojawapo ndiye yule mrefu aliyesimamishwa jumba la makumbusho la Berlin, watu wanalipa kiingilio kumwangalia. Mtoto wa shule wa Berlin anaijua Tendaguru. Mshikaji wangu wa Mbagala, ambaye mabasi ya Lindi yanapita mbele ya kibanda chake kila siku, aliniuliza kama ni jina la mchezaji.

Basi, binti akasafiri. Mjomba kanuna hadi leo. Amenipigia simu mara mbili. Ya kwanza alilalamika: shule iko mbali na lami, vumbi, na darasa limejaa mpaka mlangoni. Ya pili aliulizia bei ya mapazia huku Kariakoo, kwa sababu nyumba aliyopanga ina vyumba viwili na uani, na kodi yake haifiki nusu ya chumba kimoja cha Sinza. Sasa shangazi mmoja anauliza kama korosho za kule ni bei rahisi.

Mnaniuliza wewe mwandishi umeiona wapi hiyo mikoa. Nimeiona dirishani kwa basi. Si utalii ule wa kwenye televisheni, gari kijani halina paa na mzungu kavaa kofia. Serengeti na Mlima Kilimanjaro ni fahari yetu, sibishi, lakini zimetutia ugonjwa wa kudhani kwamba nchi inaonwa kwa kulipia geti. Panda basi la Mbeya alfajiri, kaa dirishani, usilale. Hayo ndiyo masharti yangu matatu.

Ukishapita Morogoro, barabara inaingia katikati ya Hifadhi ya Mikumi, nawe kwa nauli yako hiyo hiyo unaangalia swala, twiga na siku ya bahati tembo, dereva akienda pole pole maana faini za kugonga wanyama zinajulikana. Ukishuka bonde la Ruaha unakuta mibuyu, mibuyu, mibuyu, kama mtu kaipanda kwa makusudi, na joto la kukaanga yai. Ruaha Mbuyuni wanakimbilia basi na vitunguu. Halafu unapanda Kitonga, injini inalia, abiria wote mnakuwa wacha Mungu, na ukifika juu upepo umebadilika. Ilula ni nyanya. Mafinga ni misitu ya mbao mpaka macho yanachoka. Makambako unatafuta sweta. Kwa siku moja, ndani ya nchi moja, umetoka kwenye minazi ukaenda kwenye baridi la kukutoa moshi mdomoni, na kama ni Juni au Julai ukakata kona kwenda Njombe na Makete, asubuhi unaweza kuamka ukakuta majani yamepigwa na barafu. Watu wa huko wanavaa makoti kwa dhati, siyo kwa kupiga picha.

Ndiyo maana nina kinyongo na haya mabasi ya usiku. Yaliruhusiwa tena mwaka 2023 baada ya miaka mingi ya marufuku, na mfanyabiashara anayewahi sokoni yamemsaidia, namwelewa. Lakini wewe kijana unayekwenda kutembea unapanda saa tatu usiku, unaamka Uyole, umepita nusu ya nchi kama mzigo! Ukirudi unasema "njiani hakuna kitu."

Masikio nayo yanasafiri. Dodoma mzee wa Kigogo atakuambia "mbukwa". Iringa ni "kamwene". Ukifika Mbeya kwa Wanyakyusa ni "ugonile", na Mwanza asubuhi ni "mwangaluka", mchana ukisema hiyo hiyo watacheka, kwani mchana ni "mwadila". Maneno matano tu hayo, lakini nakuhakikishia yanashusha bei ya ndizi kuliko kubishana nusu saa kwa Kiswahili cha mjini. Mtu wa Dar tunajulikana tunavyofika: miwani ya jua, sauti juu, "oya dogo!" Halafu tukiuziwa bei mara mbili tunalalamika kwamba watu wa mkoani matapeli.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote nilikiona Kigoma, na wala si dagaa. Ni jua. Saa ya mkononi ilikuwa inakaribia saa moja jioni na jua bado linaning'inia juu ya Ziwa Tanganyika kama halina habari. Nikajua saa imeharibika. Kumbe ni ile jiografia ya sekondari tuliyokuwa tunaikariri bila kuielewa: kila digrii moja ya longitudo ni dakika nne, na kati ya Dar na Kigoma ni kama digrii kumi. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini jua la Kigoma linazama dakika 40 hivi baada ya la kwetu. Mwezi wa Ramadhani mtu wa Ujiji anasikia redioni Dar wameshafuturu, yeye uji uko mezani na jua linamwangalia. Mwalimu wangu angenipeleka Kigoma siku moja tu, ningepata alama nzuri kwenye lile somo.

Najua mnachotaka kuuliza. Mkwanja uko wapi? Swali zuri. Mimi si tajiri, hii safu hainipi hata nauli ya kwenda Singida na kurudi. Nachofanya ni hiki: kwa mwaka natafuta mkoa mmoja tu, siyo kumi. Naangalia nani ana harusi, nani ana msiba, nani anapeleka mzigo. Nauli za mabasi zinapangwa na serikali kupitia LATRA, kwa hiyo mjue kwanza nauli halali kabla mpiga debe hajawapamba. Kwa Morogoro na Dodoma kuna treni ya umeme tangu mwaka 2024. Inakwenda kwa kasi hata mibuyu huihesabu vizuri, lakini kwa mwenye siku mbili tu za mapumziko ni mkombozi. Fika mchana, gesti tafuta mwenyewe karibu na stendi lakini siyo ndani ya stendi, kelele. Kina dada, uliza mama ntilie kabla hujauliza bodaboda. Mama ntilie anajua gesti gani ina heshima na ipi mlango wake haufungi.

Wala sitawadanganya kwamba kila mahali ni asali. Kuna miji nimekaa siku mbili nikatamani hata foleni ya Ubungo. Kuna mahali maji yanatoka mara moja kwa wiki. Kuna mahali nilikula kuku mgumu hadi taya likauma siku ya pili, na mwenye hoteli akaniambia kwa kujivuna, "Huyo wa kienyeji, kijana, siyo yule wenu wa mwezi mmoja." Nikamlipa. Alikuwa na haki.

Tabora sijui niiseme vipi kwa nafasi hii iliyobaki. Miembe mikubwa, asali ya msituni, na viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, wanaviita matobolwa, ambavyo ukianza kutafuna barabarani huachi mpaka Nzega. Nilinunua mfuko mmoja kwa ajili ya nyumbani, ukafika Dar nusu.

Mhariri ananikodolea macho, nafasi imekwisha. Wiki ijayo nitawaletea habari za Bukoba na senene, pamoja na jibu kwa yule msomaji wa Tandika aliyesema hali mdudu hata ashikiwe bunduki. Tuonane panapo majaaliwa.